Ua Dogo la Madagascar



Mbele ya nyumba nyingi za kwetu, chini ya ukuta na kando ya njia iendayo kanisani, huota ua moja dogo ambalo hakuna anayelishangaa. Rangi yake ni ya waridi, au nyeupe. Limetandazwa vipande vitano kama gurudumu, na katikati lina jicho jekundu. Jua kali halilichomi, na mvua ikikawia halifi upesi. Mbuzi hulinusa na kuliacha, kwa maana ni chungu. Mama hulipanda kwa kupamba kiwanja, kisha hulisahau.

Wafaransa huliita pervenche ya Madagascar. Wataalamu wa mimea huliita kwa Kilatini Catharanthus roseus. Leo tunataka kuwasimulia habari zake, maana ua hili limesafiri kuliko wengi wetu, na kwa ajili yake watoto wengi ambao zamani wangalizikwa wamekua, wakawa baba na mama wa watu. Tena linatuuliza swali gumu: Mtu akipewa zawadi na maskini, akapata uzima kwa zawadi ile, anadaiwa nini?

Ukoo wake na kisiwa chake

Madagascar ni kisiwa kikubwa cha bahari ya Hindi, ng'ambo ya Msumbiji. Waswahili wa pwani tangu kale walikiita Buki, au Bukini. Kwa ukubwa ni cha nne katika visiwa vyote vya dunia. Zamani za kale, kabla ya kuwako watu, kiliachana na Afrika, kisha kikaachana na Bara Hindi, yapata miaka milioni 88 iliyopita. Tangu hapo mimea yake na wanyama wake wakakaa peke yao, kama jamaa waliofungiwa katika nyumba moja, wakageuka kidogo kidogo. Ndiyo sababu kisiwa kile kina viumbe vingi visivyoonekana po pote pengine.

Ukoo wa Catharanthus ni mmoja wao. Si ukoo mkubwa. Aina zake hazifiki 10. Moja tu, iitwayo pusillus, ni ya Bara Hindi na Sri Lanka. Nyingine zote ni wenyeji wa Madagascar. Nyingi hazijulikani ila na watu wa huko na wataalamu wachache; iko hata moja ambayo huota mahali pachache tu katika nyanda za juu za katikati ya kisiwa, na moto wa nyika waweza kuimaliza. Ndugu mmoja tu, huyu roseus, ndiye aliyeondoka nyumbani akaizunguka dunia. Nao Wamalagasi humwita vonenina, au tonga.

Mtu aliyeuliza na kuandika

Mwezi wa Desemba 1648 merikebu ya Wafaransa ilitia nanga Fort-Dauphin, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa. Ndani yake alikuwamo mkuu mpya wa boma, Étienne de Flacourt, na pamoja naye mapadri wawili, Charles Nacquart na Nicolas Gondrée, waliotumwa na Mtakatifu Vincent de Paul. Mapadri wale hawakukaa sana: Gondrée alikufa mwaka 1649, na Nacquart mwaka 1650. Flacourt alibaki mpaka mwaka 1655.

Tusimpambe mno Bwana Flacourt. Alipigana na wenyeji, na vijiji viliteketezwa katika vita vyake. Lakini alikuwa na desturi moja njema: aliuliza, na alichoambiwa alikiandika. Aliandika majina ya samaki, ya ndege, ya miti na ya majani, kwa lugha ya watu wenyewe. Aliporudi Ufaransa alipiga chapa kitabu kikubwa juu ya kisiwa kile, mwaka 1658. Miaka miwili baadaye, alipokuwa akirudi Madagascar, alikufa baharini.

Katika kitabu kile, mahali anapohesabu mimea, mna maneno machache juu ya jani liitwalo tonga. Asema ua lake hufanana na yasmini, moja jeupe na jingine la zambarau. Mzizi wake ni mchungu sana, na wenyeji huutumia kuwa dawa, hata dhidi ya sumu. Basi, ni hayo tu.

Lakini tuangalie vema. Flacourt hakuvumbua dawa ile. Aliambiwa. Na nani? Labda mzee fulani, labda mama aliyekuwa akichimba mzizi kwa ajili ya mtoto wake. Jina la mkuu wa boma limeandikwa juu ya kitabu. Jina la aliyemfundisha halikuandikwa. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutarudi kwake.

Safari ya mbegu

Mbegu za ua zilifika Paris, zikapandwa katika bustani ya mfalme. Kutoka huko zikavuka mpaka London, katika bustani ya dawa ya Chelsea, iliyotunzwa na Philip Miller. Yapata mwaka 1757 Miller alitoa picha yake na maelezo yake. Mwaka 1759 mtaalamu mkubwa wa Sweden, Carl Linnaeus, alilipa jina la Vinca rosea, akidhani ni ndugu wa ua jingine la Ulaya. Hakukaa sawa. Mwaka 1837 George Don wa Scotland alilitenga, akalipa ukoo wake lenyewe, ndio Catharanthus. Jina hilo limetoka katika Kigiriki, maana yake: ua safi. Lakini jina la kwanza halikufa. Waganga wa hospitali wamelishika mpaka leo katika majina ya dawa zao, kama tutakavyoona.

Wakati huohuo merikebu zilikuwa zikilichukua ua katika nchi zote za joto: visiwa vya Antilles, Bara Hindi, Ufilipino, na bara letu la Afrika. Kila mahali lilitoroka bustanini likaota njiani. Na kila mahali watu walionja uchungu wake wakasema: kitu kichungu hivi hakikosi kuwa dawa. Jamaika, Ufilipino na Afrika ya Kusini, watu wasiojuana hata kidogo walichemsha majani yake wakayanywa kwa ugonjwa wa sukari.

Je, walisema kweli? Sikilizeni.

Majani 25 katika bahasha

Katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, alikuwako daktari jina lake Clark Noble. Alipokuwa kijana, mwaka 1921, nusura awe mmoja wa wavumbuzi wa dawa ya sukari, yaani insulini. Daktari Banting alihitaji mwanafunzi mmoja wa kumsaidia kwanza, na vijana walikuwa wawili. Wakarusha sarafu. Noble akashindwa, na mwenzake Best akapata kazi na sifa.

Miaka 31 ikapita. Mwaka 1952 mzee Noble akapokea bahasha kutoka Jamaika. Ndani yake mlikuwa na majani 25 ya ua letu, pamoja na habari kwamba watu wa huko huyanywa kwa sukari. Mwenyewe alikuwa ameacha kazi, akampelekea ndugu yake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti katika chuo kikuu cha Western Ontario.

Robert Noble aliwanywesha panya maji ya majani yale, akapima damu yao. Sukari haikupungua hata kidogo. Mtu mwingine angalitupa majani, akasema: Haya ni mambo ya washenzi, hakuna kitu. Yeye hakuyatupa. Aliwatia panya maji yale kwa sindano. Sukari haikushuka, lakini baada ya siku chache panya wakafa, na miili yao imejaa vijidudu vya ugonjwa. Akashangaa. Kwa nini vijidudu viliwashinda upesi hivi? Alipoitazama damu yao aliona sababu: chembe nyeupe zilikuwa zimepungua sana.

Hapa tufafanue kidogo. Katika damu yetu mna chembe nyekundu na chembe nyeupe, ndogo hata hazionekani kwa macho. Zile nyeupe ni askari wa mwili. Zikitoweka, kila adui huingia. Basi ua hili liliwaua askari. Ni sumu! Ndiyo, ni sumu. Lakini mtafiti akafikiri zaidi: Uko ugonjwa ambao askari hao huzaana kupita kipimo, wakageuka waasi, wakaijaza damu na kuikaba. Ugonjwa huo ni kansere ya damu. Je, kinachowapunguza katika mwili mzima, hakiwezi kuwapunguza katika mwili ulioasi?

Mwaka 1954 mtaalamu kutoka Uingereza, Charles Beer, alikuja kufanya kazi pamoja naye. Kazi yake ilikuwa kuchuja: kutafuta katika majani mengi ile punje moja yenye nguvu. Mwaka 1958 walitangaza mbele ya wataalamu katika mji wa New York kwamba wameipata. Leo huitwa vinblastine. Katika kampuni ya Eli Lilly ya Marekani wengine nao walikuwa wakilichunguza ua lilelile, wakiongozwa na Gordon Svoboda. Nao waliona panya wenye kansere ya damu wakiishi zaidi. Pande mbili zikasaidiana. Kisha Svoboda akapata punje ya pili, vincristine, ambayo serikali ya Marekani iliruhusu itumike mwaka 1963. Katika majina hayo mawili mnasikia bado sauti ya jina la zamani, Vinca.

Basi watu wa Jamaika walikosa au walipata? Majani yale hayakuwa dawa ya sukari kama walivyotumaini. Lakini hawakukosa walipoamini kwamba mna nguvu ndani yake. Walionyesha mlango, mwingine akaufungua, akakuta chumba kisichotazamiwa na mtu.

Namna dawa inavyofanya kazi

Chembe ya mwili ikitaka kuongezeka hujigawa mbili. Ndani yake hufumwa nyuzi nyembamba sana, zinazovuta urithi wake, nusu huku na nusu kule, ili kila mtoto apate fungu lake. Dawa ya ua letu huzishika nyuzi hizo zisifumwe. Chembe hubaki katikati ya kazi yake, haiwezi kuendelea wala kurudi, ikafa. Kwa kuwa chembe za kansere hujigawa bila kupumzika, ndizo zinazopigwa kuliko nyingine.

Walakini hata chembe njema huumia. Nywele za mgonjwa huanguka, vidole hufa ganzi, tumbo hufunga. Vincristine hutiwa katika mshipa wa damu tu, kwa mkono wa mtu aliyejifunza. Ikitiwa katika maji ya uti wa mgongo huua.

Tena haipatikani kwa urahisi. Kupata gramu 1 ya vinblastine huhitaji karibu kilo 500 za majani makavu. Na gramu 1 ya vincristine, karibu kilo 2,000. Fikirini lori zima limejaa majani, na mwishoni pazia la vumbi linaloweza kukaa juu ya ukucha.

Watoto

Kabla ya miaka ile, mtoto akipata kansere ya damu, daktari aliwaita wazazi pembeni. Karibu wote walikufa, wengi baada ya miezi michache. Dawa moja moja ziliahirisha kifo, hazikukizuia.

Kuanzia mwaka 1962 madaktari wa Marekani, Emil Frei na Emil Freireich, walithubutu kuchanganya dawa nne kwa mara moja, na moja ya hizo ilikuwa vincristine. Wenzao wengi waliogopa, wakasema watoto watateswa bure. Lakini watoto wakaanza kuinuka vitandani. Wengine wakaendeleza kazi ile mwaka hata mwaka. Siku hizi, katika nchi zenye mali, katika watoto 10 wenye kansere ya damu ya aina iliyo kawaida kwa watoto, karibu 9 hupona. Hakuna dawa moja iwezayo kujisifu peke yake. Ila dawa ya ua la Madagascar imo.

Nasi watu wa katikati ya Afrika tunalo fungu letu katika habari hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, mjini Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya unaowashika watoto wa kwetu, ukawaharibu uso kwa majuma machache. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari karibu kilometa 16,000, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: Uvimbe huu mmeuona? Wakatambua kwamba huonekana sana penye joto na mvua, mahali malaria inapotawala. Uvimbe ule tangu hapo huitwa kwa jina la Burkitt. Ni kansere, lakini ni kansere inayosikia dawa. Mwaka 1967 mahali pa kuwatunza wagonjwa wake palifunguliwa Mulago, na katika dawa zilizojaribiwa hapo vincristine ilikuwamo. Basi ua lililoondoka Bukini likarudi Afrika katika chupa ndogo ya kioo.

Deni

Sasa turudi kwenye swali letu.

Kampuni ziliuza dawa hizo, zikapata faida. Madagascar ilipata nini? Watu wa kusini ya kisiwa, upande ule ule wa Fort-Dauphin, walipata kazi ya kuchuma na kukausha majani na mizizi, na kuuza kwa kilo kwa wachuuzi. Ni fedha kidogo. Nchi yao ni kavu. Njaa huwarudia mara kwa mara, na katika miaka ya 2020 na 2021 ukame uliwatesa vibaya sana.

Wako wanaosema: Huu ni wizi. Wako wanaojibu: Hapana, majani yaliyochunguzwa Kanada yalitoka Jamaika, ua lilikuwa limekwisha kuenea duniani miaka 200, na hakuna Mmalagasi aliyesema kwamba huponya kansere. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina neno la kweli. Kwa sheria ya wakati ule, hakuna aliyevunja amri. Lakini je, deni ni la sheria tu? Mtu akikuokota njiani usiku akakuonyesha nyumba, hukumwandikia hati; hata hivyo ukimsahau, majirani watakuita mtu gani?

Mataifa yaliona aibu hiyo. Mwaka 1992, huko Rio de Janeiro, yalipatana kwamba mimea na wanyama wa nchi ni mali chini ya ulinzi wa nchi ile, na anayenufaika nao agawane faida na wenyeji. Mwaka 2010, huko Nagoya katika Japani, yalitia mapatano mengine ya kueleza jinsi ya kugawana. Nayo yalianza kutumika mwaka 2014. Madagascar na Kongo zote mbili zimejiunga nayo. Lakini sheria haikurudi nyuma kuhesabu mambo ya mwaka 1958. Tena dunia inaendelea: mwaka 2022 wataalamu walionyesha kwamba punje zile zaweza kutengenezwa kwa msaada wa hamira iliyogeuzwa, bila shamba. Ikifaulu katika viwanda, wagonjwa watafurahi, maana dawa huenda isipungue tena. Na mchumaji wa majani wa kusini, nani atamkumbuka?

Liko deni lililo kubwa zaidi, nalo ni la watoto. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 katika 10 wenye kansere hupona. Katika nchi nyingi maskini hata 3 hawafiki. Si kwamba dawa haijulikani. Ni kwamba mtoto huletwa amechelewa, au hospitali ni mbali, au chupa ni ghali, au haiko. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Dunia liliweka shabaha kwamba mpaka mwaka 2030 wapone angalau 6 katika 10 duniani pote. Fikirini basi: mama anaweza kuketi mlangoni, mtoto wake mgonjwa mapajani, na mbele yao ua lachanua. Dawa imo ndani ya ua lile, lakini kutoka ua lile mpaka mtoto yule kuna njia ndefu, nayo ni watu wanaopaswa kuitengeneza.

Mambo matatu ya kushika

Kwanza, msichemshe majani ya ua hili na kuyanywa, wala kumpa mtoto, kwa sababu mmesikia sifa zake. Tumesema: ni sumu. Kipimo chake hakijulikani katika sufuria. Panya wa Robert Noble wawe mashahidi.

Pili, mtoto akiwa na uvimbe wa taya au wa tumbo unaokua upesi, au akiishiwa damu na kutokwa na madoa na homa isiyosikia dawa, msikae mkitafuta aliyemroga. Mpelekeni hospitali mapema. Katika ugonjwa huu kila juma ni mali.

Tatu, wazee wetu wanajua majani mengi. Mengine hayana kitu. Mengine yana hatari. Na mengine yana nguvu ambayo wenyewe hawajaimaliza kuijua. Ninyi vijana mliosoma, keti nao, waulizeni, andikeni. Andikeni jina la jani, mahali linapoota, na namna wanavyolitumia. Na juu ya hayo andikeni jina la mzee aliyewaambia. Flacourt aliandika yote, akaacha hilo moja. Ndiyo maana leo, tukitaka kushukuru, hatujui kaburi la kuliendea.

Basi, kesho asubuhi mkifagia kiwanja, mkilikuta ua dogo la waridi lenye jicho jekundu, fagieni taratibu mkaliache lisimame.